Kuchagua Kamera ya Droni kwa Jua la Pwani

Ukiingia dukani kutafuta droni ya kupigia picha, muuzaji ataanza na megapikseli na 4K. Msikilize, kisha muulize mambo matatu: kihisi cha kamera kina ukubwa gani, tundu la lenzi linaweza kubanwa au ni la kudumu, na video hurekodiwa kwa biti ngapi za rangi. Majibu yake ndiyo yatakayoonekana kwenye kazi utakayomkabidhi mteja: kwenye kanzu nyeupe za harusi saa saba mchana, kwenye mchanga wa Nungwi, kwenye anga la magharibi muda mfupi baada ya jua kuzama. Umbali ambao droni inaweza kwenda na mitindo yake ya kuruka yenyewe vina faida, lakini haviwezi kuokoa picha iliyoungua.

Ninamwandikia mtu anayetaka kufanya kazi ya kulipwa: harusi, hoteli za ufukweni, nyumba na viwanja vinavyouzwa, pengine na upimaji. Na nina msimamo wangu. Kamera nyingi za droni husifiwa kwa uwezo wake penye mwanga hafifu, kwa sababu wengi wanaozijaribu na kuziandikia wanaishi kwenye nchi za mawingu na majira marefu ya baridi. Huku kwetu, shida ya kila siku ni mwanga kuzidi. Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine halitoki mbali sana na hapo. Chagua kamera inayoliweza jua hilo kwanza, usiku utafuata.

Kihisi kwanza

Kihisi ni kile kibamba kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kadiri kilivyo kikubwa ndivyo kinavyokusanya mwanga mwingi, na ndivyo kinavyoweza kubeba kwa pamoja weupe wa wingu na giza la chini ya mwembe bila kupoteza kimojawapo. Vipimo vyake huandikwa kwa inchi, na inchi hizo hupotosha: zimerithiwa kutoka kwenye mirija ya kamera za televisheni za zamani, wala hazipimi kihisi chenyewe. Kihisi cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8 tu. Cha 1/2.3, kilichomo kwenye droni ndogo kama DJI Mini 2, kina milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, yaani eneo lake ni kama robo ya kile cha inchi 1. Cha 4/3, ambacho Mavic 3 ilikuja nacho Novemba 2021, kina milimita 17.3 kwa 13, karibu mara mbili ya cha inchi 1. Katikati kuna cha 1/1.3, kilichomo kwenye Mini 3 Pro, Mini 4 Pro na Air 3. Hiki ndicho ninachomshauri anayeanza kazi ya kulipwa asishuke chini yake.

Mtu atakuambia kwamba hiyo ya 1/1.3 ina megapikseli 48 na Mavic 3 ina 20 tu, kwa hiyo ndogo imeishinda kubwa. Haijaishinda. Kwenye vihisi vya aina hii pikseli hupangwa nne nne chini ya rangi moja, na kwa kawaida kamera huziunganisha ikatoa picha ya megapikseli 12. Hali ya 48 husaidia kidogo mchana kweupe, droni ikiwa imetulia. Jioni huongeza chengachenga tu. Megapikseli 20 za kihisi kikubwa, kila pikseli ikiwa na nafasi yake ya kutosha, zitakubali kuhaririwa kwa namna ambayo zile 48 hazitakubali.

Usiache kuuliza kama kamera hutoa faili ghafi za picha, zile za DNG. Droni nyingi za leo hutoa, ila baadhi ya zile za bei ya chini kabisa hutoa JPEG peke yake. Ukiwa na faili ghafi unaweza kurudisha rangi ya bahari iliyofifia na kufungua vivuli vya vichochoro vya Mji Mkongwe. Ukiwa na JPEG, uamuzi mwingi umeshafanywa na kamera kwa niaba yako.

Biti za rangi watu huzipuuza, nami ninaziona ni jambo kubwa kwa anayerekodi video. Biti 8 hutoa ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, na biti 10 hutoa ngazi 1,024. Kwenye ukuta wa nyumba hutaona tofauti. Kwenye anga la jioni, pale rangi ya chungwa inapogeuka polepole kuwa zambarau, video ya biti 8 huonyesha mistari kama ngazi mara tu unapogusa rangi katika kuhariri. Hoteli ikikuajiri, jioni ndiyo picha itakayoiomba kwanza. Pia kumbuka kwamba karibu na ikweta, utusitusi baada ya machweo hukaa dakika ishirini na kitu tu. Hakuna nafasi ya kurudia mara nyingi, kwa hiyo kamera iwe na uwezo wa kutosha kukamata ulichokiona kwa mara ya kwanza.

Kuna video za rangi iliyofifishwa kwa makusudi ili zihaririwe baadaye, ambazo DJI huziita D-Log. Zichukue kama unahariri kwa umakini na una kompyuta inayomudu faili za H.265. Kama kazi yako ni kumtumia bwana harusi klipu kwa WhatsApp usiku uleule, rekodi kwa rangi za kawaida na utumie muda wako kuweka mwanga sawasawa. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Jua la utosini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Video yenye mwendo unaopendeza hupatikana pale kasi ya shata inapokuwa mara mbili ya idadi ya fremu: fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Shata ikiwa ya haraka mno, kila fremu hukatwa kwa ukali, na droni inaposogea minazi na mawimbi huonekana yakirukaruka. Sasa tupige hesabu. Kwenye jua kali, kamera iliyowekwa ISO 100 na tundu la f/16 huhitaji shata ya 1/100 hivi. Hii ni kanuni ya zamani ya wapiga picha, na bado inafanya kazi. Ukifungua tundu hadi f/2.8, shata inayohitajika hupanda hadi 1/3200. Ili uirudishe kwenye 1/50 ni lazima uzuie mwanga kwa mara 64, na kazi hiyo ni ya filta ya ND64. Namba iliyoandikwa kwenye filta ndiyo hesabu yenyewe: ND8 hupitisha sehemu moja ya nane ya mwanga, ND64 sehemu moja ya sitini na nne.

Tazama sasa lenzi ya f/1.7, kama ya Mini 4 Pro. Husifiwa sana kwa sababu hupokea mwanga mwingi usiku, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini tundu lake halibanwi. Saa sita mchana itahitaji shata ya karibu 1/8700, na ili ufike 1/50 utahitaji filta iliyo kati ya ND128 na ND256. Juu ya mchanga mweupe hali huwa ngumu zaidi. Bila filta, hata shata ya 1/8000 haitoshi. Filta hizo zipo, lakini wingu likipita juu ya jua picha hugeuka giza, na huwezi kuibadilisha filta droni ikiwa angani. Utalazimika kuishusha.

Kamera yenye tundu linalobanwa, kama Mavic 3 (f/2.8 hadi f/11), hukupa njia nyingine. Ukiibana hadi f/5.6, shata inayohitajika ni 1/800, na ND16 inatosha. Wingu likija unafungua tundu kwa kidole ukiwa umesimama palepale. Usiibane hadi f/11 isipokuwa umelazimika, kwa sababu tundu likiwa dogo sana ukali wa picha hupungua. Kwa mtu ambaye kazi zake nyingi ni za mchana, ufukweni au mjini penye mapaa ya mabati yanayomeremeta, ninaona tundu linalobanwa lina thamani kuliko lenzi ya pili au megapikseli zaidi. Kama mfuko hauruhusu, nunua hiyo ya f/1.7 na seti kamili ya filta siku hiyohiyo. Hakikisha zimetengenezwa kwa ajili ya modeli yako: filta nzito huilemea mikono midogo inayoshika kamera, na injini zake huanza kutetema au kugoma.

Kwa picha za bahari kuna filta ya kuondoa mng'ao wa maji, inayokuwezesha kuyaona matumbawe chini. Hufanya kazi vizuri kamera ikitazama maji kwa mshazari. Ukiielekeza wima chini, haisaidii sana. Izungushe vizuri kabla hujarusha, na ukishakuwa angani usigeuke ovyo, maana ukigeuka mng'ao unarudi.

Jambo jingine la huku ni umeme. Tanzania na Kenya zinatumia umeme wa hezi 50, na taa nyingi za barabarani na za kumbi humeta mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 30 kwa shata 1/60, video ya usiku hucheza mwanga, na kuliondoa tatizo hilo kwenye kuhariri ni mateso. Hakikisha kamera ina fremu 25 na 50, uziweke kwenye menyu tangu mwanzo, utumie shata 1/50 au 1/100. Mteja akilazimisha fremu 30, bakisha shata 1/50. Na rangi ya mwanga iweke kwa mkono. Ukiiacha ijichagulie yenyewe, droni ikitoka juu ya mchanga kwenda juu ya maji, rangi itabadilika katikati ya klipu.

Kusimama mbali

Lenzi za kawaida za droni ni pana, sawa na milimita 24 kwenye kamera kubwa. Zinafaa kwa mandhari. Ubaya wake ni kwamba ili mtu au jengo lijae kwenye fremu, lazima usogee karibu sana, na droni iliyo karibu ina kelele na upepo wake. Itapeperusha shela la bibi harusi, na sauti yake itaingia kwenye nasaha za shehe au mahubiri ya mchungaji.

Lenzi ya milimita 70, kama ile ya pili kwenye Air 3, hukuruhusu kusimama karibu mara tatu mbali zaidi na bado ukapata fremu ileile: mita 58 badala ya 20. Zaidi ya umbali, huyavuta ya nyuma yakasogelea ya mbele, na mnara wa taa ukasimama mbele ya bahari iliyojaa majahazi. Ukishaizoea, ile pana utaiona ya kufungulia hadithi tu. Kwa wanyama umbali huu si anasa. Askari wa wanyamapori Tanzania na Kenya wamekuwa wakitumia droni kuwafukuza tembo kwenye mashamba ya watu, na zinawafukuza kweli. Droni inayomwondoa tembo kwenye mahindi itamwondoa pia kwenye maji aliyoyatembelea usiku kucha. Kwa hiyo usiifikirie kazi ya hifadhini bila lenzi ndefu, na bila kibali cha mamlaka ya hifadhi husika.

Lenzi ndefu huukuza mtikisiko, na huo hutegemea kile kinachoshika kamera, yaani ile mikono yenye injini. Chukua ya mihimili mitatu. Droni za bei ya chini zenye mhimili mmoja au miwili hutegemea programu kutuliza picha, na programu hufanya hivyo kwa kukata kingo za fremu. Kusi likivuma, Juni na Julai, utaiona tofauti mara moja. Mini 4 Pro imepimwa kustahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, Air 3 na Mavic 3 mita 12. Hizo ni kama kilomita 38 na 43 kwa saa, na pwani upepo wa namna hiyo si wa kutafuta. Droni nyepesi inaweza kubaki angani, lakini huinama mno kupambana na upepo hadi kamera ikafika mwisho wa mzunguko wake na upeo wa macho ukalala upande.

Watakuambia uchukue yenye gramu 249 kwa sababu haihitaji usajili. Kiwango hicho cha gramu 250 kimetokana na kanuni za Marekani na Ulaya. Usidhani kinakuhusu hapa. Kabla hujalipa, iulize mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA ikiwa uko Tanzania au KCAA ikiwa uko Kenya, upate jibu linalohusu modeli na kazi yako, na kama utavuka kwenda Zanzibar uliza na huko. Kamera nzuri iliyozuiliwa forodhani haina picha.

Anayeuza kwenye TikTok na Instagram atataka video ya wima. Mini 3 Pro na Mini 4 Pro hugeuza kamera yenyewe ikasimama. Ni raha, lakini si lazima: fremu ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, na ukiikata wima utabaki na 1,215 kwa 2,160, zaidi ya zile 1,080 kwa 1,920 zinazohitajika. Rekodi kwa ulalo, acha nafasi pembeni, na utampa mteja zote mbili.

Ramani ni kazi nyingine

Zanzibar ilianza mwaka 2016 mradi wa kupiga picha visiwa vyake kwa droni, Kamisheni ya Ardhi ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, na vijana wa hapo wakarusha ndege za eBee zenye mabawa. Tangu hapo wengi wameona kuna kazi katika upimaji. Ipo, lakini kamera yake huchaguliwa kwa vigezo vingine kabisa.

Cha kwanza ni shata. Kamera nyingi za droni husoma kihisi mstari kwa mstari. Usomaji ukichukua sehemu ya thelathini ya sekunde na droni ikienda mita 10 kwa sekunde, mstari wa mwisho umesomwa droni ikiwa imesogea sentimita 33 tangu ule wa kwanza. Kwenye video ya harusi hakuna atakayejua. Kwenye ramani, mpaka wa kiwanja unapinda. Tafuta shata ya kimakanika, inayoisimamisha picha yote kwa pamoja: Phantom 4 Pro ya 2016 inayo, Mavic 3 Enterprise inayo, Mavic 3 ya kawaida haina. Hii ndiyo sababu Phantom 4 Pro bado inatafutwa sokoni ingawa ni ya zamani. Ukiirusha mita 100 juu ya ardhi, kila pikseli yake hufunika sentimita 2.7 hivi, na ukishuka mita 50 hufunika nusu ya hapo. Mwulize mteja anahitaji kuona kitu cha ukubwa gani, kisha uchague kimo na kamera kwa kufuata jibu lake.

Kamera za joto na zile za kupima afya ya mimea ni za wenye mteja mkononi. Usizinunue kwa matumaini.

Kununua iliyotumika

Wengi wetu tutaanza na iliyotumika, iwe ya Kariakoo, Luthuli Avenue au ya rafiki wa rafiki, na hakuna ubaya. Tenga kwanza fedha za betri tatu, filta, na kadi yenye alama ya V30 inayohimili megabaiti 30 kwa sekunde. Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula megabaiti 750 kwa dakika, hivyo kadi ya GB 64 hubeba kama dakika 85. Kinachobaki ndicho bei ya droni.

Iwashe ikiwa mezani utazame kamera inavyojinyoosha: isitetemeke, isilie, isilale upande. Pitisha kidole taratibu kwenye waya mwembamba wa bapa unaoshika kamera, maana ukiwa na mkunjo au mpasuko picha itaanza kukatika siku si nyingi. Angalia lenzi kwa tochi ya simu, hasa ikiwa ilifanya kazi pwani: chumvi huacha ukungu pembeni, na mchanga huacha mikwaruzo. Irushe mita 30, piga picha ya mapaa yaliyo mbali, uifungue kwenye kompyuta na ulinganishe pembe nne za picha. Upande mmoja ukiwa na ukungu na mwingine mkali, lenzi imewahi kugongwa. Rekodi pia dakika mbili za video ikiwa imesimama angani, kisha dakika mbili ikizunguka polepole. Kamera inayorukaruka wakati wa kuzunguka ina injini iliyochoka, na kuibadilisha huku ni ghali.

Programu ya rimoti itakuonyesha kila betri imechajiwa mizunguko mingapi. Mwisho, uliza akaunti. Droni za DJI hufungwa kwenye akaunti ya mwenyewe, na akiondoka bila kuifungua utabaki na chombo usichoweza kukitumia. Mwambie aiondoe mbele yako, uiingize kwenye akaunti yako, uirushe mara moja, ndipo utoe pesa.